Daftari la mamdogo lilivyobishana na mfumo

Mamdogo wangu ana kibanda cha wakala pale Buzuruga, Mwanza, upande wa stendi. Kimepakwa rangi za kampuni tatu za simu. Ndani kuna kiti kimoja, simu ndogo nne za kubonyeza, droo ya pesa yenye kufuli, na kaunta buku lenye jalada gumu. Kila muamala anauandika: saa, jina la mteja, namba, kiasi, na mwishoni alama ya vema ujumbe ukishafika. Miaka tisa sasa. Mabuku yaliyojaa anayafunga kwa kamba na kuyasukuma chini ya kitanda, na panya wameshaanza kuyatafuna pembeni.

Nilipokuwa Uingereza nilikuwa namwambia kwenye simu, "Mamdogo, hayo yote mtandao unayatunza, unajichosha bure." Nilimkosea. Leo naandika kueleza nilimkosea kiasi gani.

Kwa wasionijua: nimefanya kazi Uingereza miaka kumi na minne, kwanza Bristol kisha Derby, nikiandika na kukagua programu ambazo zikikosea watu wanakufa. Programu za injini za ndege, baadaye za breki za treni. Mwaka jana nilirudi Mwanza kumuuguza mama, sasa naishi Pasiansi na bado nawafanyia kazi wale wale kwa mbali. Kwa hiyo mchana nakagua hesabu za breki za treni ambazo sitazipanda, na jioni nashuka Buzuruga kukaa na mamdogo kibandani.

Mwezi wa sita, siku ya Alhamisi, giza linaanza kuingia, alikuja mteja wake wa siku zote, mama anayechukua dagaa Mwaloni kule Kirumba na kuwapeleka Shinyanga. Alitaka kuweka 350,000. Mamdogo akahesabu noti, akatuma. Simu ikakaa kimya, ikakaa kimya, halafu ikaleta maneno: muamala umeshindikana, jaribu tena. Akajaribu tena, ukakubali. Mteja akaonyesha ujumbe wake, akaaga, akawahi gari. Kwenye buku kuna mistari miwili, naijua kwa moyo kwa jinsi nilivyoitazama:

12:47, 350,000, imegoma.
12:48, 350,000, vema.

Usiku akifunga hesabu, floti, ile fedha ya kwenye simu anayowawekea wateja, imepungua 700,000.

Kesho yake akaenda kwa wakala mkuu anayemkopesha floti. Kijana wa dirishani akamgeuzia kioo cha kompyuta aone mwenyewe: miamala miwili, yote imekamilika. "Mama, mfumo unaonyesha umetuma mara mbili. Mtafute mteja wako." Mteja akapigiwa simu akiwa Shinyanga, akasoma salio lake kwa sauti. Imeingia moja. Jumatatu aliporudi akaenda mwenyewe hadi dirishani na simu yake mkononi. Wakamwambia simu ya mteja haiwezi kuwa ushahidi. Halafu likatoka lile neno lililomlaza mamdogo bila kula: labda nyinyi wawili mnajuana.

Alilipa. Alitoa fedha yake yote ya kikoba na akaongezea ya ada ya mdogo wangu, kwa sababu siku ya kurejesha floti haikuwa ya kungoja.

Mimi niliambiwa siku ya tano. Nikaandika barua, nikaambatanisha picha ya ukurasa wa buku. Baada ya wiki tatu majibu yakaja, yametoka kwa mafundi wa mfumo walioko nje ya nchi, yakapitia ofisi mbili hadi kutufikia: hakuna muamala wowote wa saa 12:47 wenye kiasi hicho, kwa hiyo kumbukumbu za wakala si sahihi.

Nilisoma karatasi ile nikiwa nimesimama mlangoni pa kibanda. Kila mtoto wa Buzuruga anajua saa 12:47 jioni ni wakati gani, taa za barabarani zinawaka na kunguru wanarudi mitini. Mtu aliyekaa mbele ya rekodi zile, maelfu ya kilomita kutoka hapa, alikwenda kutafuta adhuhuri. Aliyemtumia picha hakumweleza, naye hakuuliza. Kwenye rekodi yake muamala ulikuwa umeandikwa 18:47, dakika ile ile, na buku la mamdogo lilikuwa limesema kweli tangu mwanzo kwa lugha ya saa zetu.

Nikaandika tena, safari hii nikipanga saa zetu na saa zao sambamba, mstari kwa mstari. Wakatazama. Wakakuta maombi mawili yaliyopishana sekunde 41, la kwanza likiwa limekatwa kwenye floti lakini halina uthibitisho wa kufika upande wa pili. Fedha ilirudi siku ya 52. Ujumbe ulioambatana nayo ulikuwa na maneno mawili: hitilafu imerekebishwa. Pole haikuwemo.

Niseme kidogo kuhusu hitilafu yenyewe, maana ni ya kawaida na dawa yake inajulikana. Ombi likitumwa na jibu likipotea njiani, mtumaji hajui kama kazi imefanyika au haijafanyika. Akirudia, mfumo uliotengenezwa vizuri unatakiwa kutambua kwamba hili ni lile lile la mwanzo, kwa kila ombi kupewa namba moja isiyobadilika hata likirudiwa mara kumi. Mtu akigonga mlango mara mbili hawajaja wageni wawili. Mfumo ule ulihesabu wageni wawili, ukamfungulia mmoja, na kwenye karatasi ukaandika wote wameingia.

Kosa la namna hiyo linasameheka. Mimi mwenyewe nimeandika mabaya kuliko hilo, yakakamatwa na wakaguzi kabla hayajatoka nje. Kisichosameheka ni lile jibu la dirishani, kwamba mfumo ukishasema, binadamu hana la kusema.

Asubuhi moja nenda Mwaloni, pale dagaa wa kukaanga, furu na sangara wa kukausha wanapopangwa magunia kwa magunia. Tazama mizani. Ina stika ya Wakala wa Vipimo, na kila mwaka lazima ihakikiwe upya. Mnunuzi akitia shaka anasema pima tena, na muuzaji anapima tena. Ukileta jiwe la kilo unalolijua wewe, ukaliweka juu, hakuna atakayekuambia umeitukana mizani. Soko zima limejengwa juu ya kukubali kwamba mizani yaweza kusema uongo. Wavuvi na wachuuzi, wengine hawakumaliza darasa la saba, wanalijua hilo kuliko ofisi nyingi nilizoingia. Najua Benki Kuu inasimamia watoa huduma za fedha, na kuna Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015. Lakini usimamizi huo uko juu huko. Chini hapa, dirishani, mamdogo hana jiwe la kuweka kwenye mizani. Alikuwa na buku tu.

Na kama unadhani haya ni ya nchi zetu peke yake, nikupeleke Uingereza.

Kuanzia 1999 Posta ya kule iliweka kwenye matawi yake mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu. Matawi mengi yanaendeshwa na watu binafsi kwa mkataba, mara nyingi ndani ya duka la kijiji, ni kama mawakala wetu. Posta iliwataka wafidie pengo lolote la hesabu. Mapengo yakaanza kujitokeza. Mama mmoja wa kijiji cha South Warnborough, Jo Hamilton, alipiga simu ya msaada akiwa na upungufu wa pauni 2,000 hivi, akafuata maelekezo aliyopewa, na upungufu ukawa mara mbili huku anautazama. Akaambiwa ni yeye tu mwenye tatizo hilo. Wengine nao, kila mmoja kwenye kijiji chake, wakaambiwa ni wao tu. Seema Misra alifungwa 2010 akiwa mjamzito, siku ambayo mtoto wake wa kwanza alikuwa anatimiza miaka kumi. Hadi 2015 watu zaidi ya 900 walikuwa wametiwa hatiani kwa mashtaka yaliyotegemea Horizon, wengi wao wakishtakiwa na Posta yenyewe. Wapo waliouza nyumba. Wapo waliojiua.

Alan Bates na wenzake zaidi ya 500 walikwenda Mahakama Kuu, na Desemba 2019 Jaji Fraser akaamua kwamba mfumo ule ulikuwa na kasoro zenye uwezo wa kuleta mapengo, na kwamba mafundi wa Fujitsu waliweza kuingia kwenye hesabu za tawi kwa mbali, jambo lililokuwa limekanushwa kwa miaka. Nilikuwa Derby. Ofisini kwetu mtu aliichapa hukumu ile na sehemu yake ya kitaalamu, tukaisoma wakati wa chakula cha mchana. Hakuna aliyezungumza. Kila kosa lililotajwa mle ndani tulikuwa tunalijua kwa jina, na ungelikuta kwenye orodha ya mambo ambayo kijana anafundishwa kukagua wiki ya kwanza. Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hatia zile kwa mkupuo mwaka 2024. Robo karne.

Kuna jambo la kisheria nyuma yake ambalo kila Mtanzania anayetumia simu angepaswa kulijua. Mwaka 1999 Waingereza walifuta kifungu kilichomtaka anayeleta ushahidi wa kompyuta athibitishe kwamba kompyuta hiyo ilikuwa inafanya kazi sawasawa. Baada ya hapo mahakama zikaanza kwa kudhani ilikuwa sawa, na mzigo ukamwangukia mshtakiwa, mtu wa kijijini asiye na mlango wa kuingilia kwenye mfumo, aonyeshe ilipokosea. Sheria yetu ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama, inapoupima ushahidi wa namna hii, iangalie uaminifu wa jinsi rekodi ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ilivyotumwa. Maneno mazuri. Ila mamdogo hakufika mahakamani. Watu wa laki tatu na nusu hawafiki mahakamani, wanaishia dirishani.

Mzee aliyenifundisha kazi, mtu wa Wales, alikuwa na swali moja. Ukimwambia programu iko tayari, anakuuliza: umejuaje? Ukisema nimeijaribu, anauliza: umejaribu nini, na umejuaje kwamba hicho ndicho cha kujaribu? Siku za kwanza nilidhani ananionea. Baadaye nikaelewa kwamba anauliza kwa niaba ya mtu ambaye hatafika kwenye chumba kile. Kwa vyombo vya ndege ambavyo vikishindwa ndege inaanguka, kipimo ni kwamba hitilafu ya namna hiyo isitarajiwe kutokea hata mara moja katika saa bilioni moja za kuruka. Piga hesabu: ni zaidi ya miaka 114,000. Huwezi kuijaribu programu miaka 114,000. Kwa hiyo inabidi uthibitishe kwa njia nyingine, kwa hisabati, kwa wakaguzi wasiokuwa waandishi, kwa kuufuata kila mstari wa programu hadi kwenye hitaji lililouzaa. Na hata hapo unaandika mahali gani hujui.

Hayo yote hayakuzuia ajali za ndege ya Boeing 737 MAX. Ndege ile ina vifaa viwili vinavyopima pembe ya pua dhidi ya upepo. Mfumo wa MCAS, programu ya kusukuma pua chini yenyewe, ulisikiliza kimoja kwa kila safari. Kikidanganya, programu inaamini pua imepanda mno na ndege inakaribia kupoteza uwezo wa kuelea angani, inasukuma pua chini, rubani anavuta, inasukuma tena. Na hadi ajali ya kwanza marubani hawakuwa wameambiwa kwamba mfumo huo upo. Ya Lion Air ya Indonesia iliua watu 189 Oktoba 2018, ya Ethiopian ikaua 157 Machi 2019, ikitoka Addis kuelekea Nairobi, na Wakenya ndio walikuwa wengi zaidi mle ndani, 32. Tangu hapo umerekebishwa, sasa unalinganisha vifaa vyote viwili, na MAX ya kwanza ya shirika letu ilitua Dar es Salaam 2023. Nitaipanda bila wasiwasi. Kinachoniuma hadi leo ni wale marubani wa Lion Air, waliokuwa wanagombana na kitu ambacho hakikuwa hata na jina kwao. Programu ilitenda kama ilivyoandikwa. Walionyimwa ni wao, walinyimwa nafasi ya kuibishia.

Sasa panua zaidi. Usiku wa tarehe 26 Septemba 1983, karibu na Moscow, afisa wa Kisovieti aitwaye Stanislav Petrov alikuwa zamu mbele ya mfumo wa kuonya kuhusu makombora. Mfumo ukasema Marekani imerusha moja. Kisha ukasema matano. Yeye akaona haiingii akilini mtu kuanzisha vita ya nyuklia kwa makombora matano, akaripoti kwamba ni kengele ya uongo. Baadaye ikaonekana setilaiti ilidanganywa na mwanga wa jua juu ya mawingu ya juu.

Napenda kisa hicho, lakini mwenye haki lazima asimulie na cha pili. Tarehe 3 Julai 1988 manowari ya Marekani, Vincennes, ilitungua ndege ya abiria ya Iran kwenye Ghuba, watu 290 wakafa. Pale kompyuta ilikuwa sahihi. Ilionyesha ndege inapanda. Mabaharia, wakiwa katikati ya mapigano na hofu, waliripotiana kwamba inashuka kuwaelekea. Kwa hiyo sisemi binadamu ni bora kuliko mashine. Nasema mtu anayepewa kazi ya kuamua lazima awe na muda, aone chanzo, na awe na ruhusa ya kusema ngoja kwanza.

Leo majeshi yanatumia kompyuta kupendekeza nani apigwe, na wakuu wanatutuliza kwamba mwisho wa yote yuko binadamu. Yule wa dirishani pia alikuwa binadamu. Alikuwa na kioo chenye maneno mawili, foleni ya watu ishirini nyuma ya mamdogo, na bosi asiyetaka maswali. Mtu huyo akiwa mbele ya kombora, tofauti yake na kijana wetu iko wapi?

Haya ya kutegemea vitu vilivyo mbali tumeshayaonja. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ya Tanzania ikaanguka. Julai mwaka huo huo kampuni moja ya Texas, CrowdStrike, ilisambaza faili lenye kosa, na kompyuta milioni 8.5 zikazimika duniani, viwanja vya ndege na hospitali zikarudi kwenye karatasi. Waliokuwa bado na karatasi.

Huku ziwani kumbukumbu ina uzito mwingine kabisa. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha watu wapatao mia kilikuwa kimebeba zaidi ya mara mbili, na waliokufa walifika 228. Siku zile tuliambiwa kwamba kujua idadi kamili ya waliopanda ni vigumu, maana waliokuwa na hesabu na vifaa vyao walizama navyo. Shangazi yangu mmoja alikaa ufukweni Bwisya siku tatu akimngoja mtu ambaye hakuwa na uhakika kama alipanda. Hilo sijalisahau. Rekodi ikiwa mahali pamoja na kitu inachokihesabu, inazama nacho.

Ndiyo maana sasa mamdogo, kila usiku kabla ya kufunga droo, anapiga picha ukurasa wa siku na kunitumia. Picha zinakuja na kivuli cha kidole chake pembeni. Nina za miezi mitatu. Pia ameanza kuandika saa mbili mbili, yetu na yao, 12:47 na chini yake 18:47, na namba ya muamala hata kama umegoma. Anasema mkono unauma. Juzi akaniuliza, "Mwanangu, wale wa kule Uingereza, nao walikuwa na madaftari?" Nikamwambia wengine walikuwa nayo, hawakusikilizwa. Akanyamaza, akaendelea kuandika, mteja alikuwa dirishani.

Mawakala wenzake wameanza kuja na visa vyao. Mmoja wa Igoma amelipa mara mbili kwa mwaka mmoja na hakuwahi kumwambia hata mume wake. Wa Nyakato aliambiwa ni yeye tu. Nilipolisikia neno hilo, ni wewe tu, nilisimama nikatoka nje kidogo.

Kwa hiyo Jumamosi hii, saa 10 jioni, tunakutana nyuma ya kibanda cha mamdogo. Nitaleta fomu moja ya malalamiko niliyoiandaa, yenye saa zote mbili na nafasi ya kudai jibu la maandishi, na tutapitia kisa kimoja kimoja. Kama una wakala Buzuruga, Nyakato, Igoma au Mahina, njoo na daftari lako, hata kama kurasa zimechanika. Viti ni vichache, mwenye stuli aje nayo.